Nilivyomchagulia Analyn Kompyuta

Jumamosi, 24 Agosti

Leo tumemfanyia Analyn sherehe kwenye gereji ya nyumbani. Ukoo mzima umekuja, na wasio wa ukoo pia, maana Papa, baba yetu, akichoma nyama nusu ya mji huu wa Winnipeg inakumbuka kwamba ni jamaa zetu. Tambi za pancit sinia kwa sinia, sambusa za lumpia zisizo na idadi, karaoke mpaka jirani akafunga dirisha kwa kishindo. Sababu ya yote hayo: mdogo wangu amekubaliwa chuoni kusomea usanifu majengo.

Mimi niliomba kozi hiyo hiyo, chuo hicho hicho, mara mbili. Mara mbili wakanikataa. Kila mtu pale gerejini anajua, na kila mtu anajua kwa nini, kwa sababu nimewaeleza mwenyewe bila kuchoka: kompyuta yangu ilikuwa mkweche. Ukifungua mchoro inagoma, ukiupaka rangi inazima. Nilipeleka kazi mbichi, wakaiona mbichi. Analyn kaomba mara moja tu, akapita, lakini sekondari yake ina chumba kizima cha mashine za kisasa. Mtu mwenye jiko na mtu asiye na jiko, unawashindanishaje kupika?

Kwenye keki Mama akagonga glasi kwa kijiko. "Kompyuta ya Analyn atachagua dada yake. Si ndiye anayeziuza?" Watu wakapiga makofi. Shangazi Nena akaniinamia sikioni, pumzi inanuka nyama choma: "Ndiyo kazi ya mtoto wa kwanza, mwanangu. Unawatengenezea wenzako njia."

Kwetu Wafilipino hilo halikuandikwa popote, linajulikana tu. Wa kwanza anafanya kazi, wa pili anasoma, na wa kwanza anatabasamu kwenye picha. Nimetabasamu hadi mashavu yakauma.

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 26 Agosti

Joto kali. Dukani mteja mmoja ameniuliza kama kompyuta ya bluu ina kasi kuliko ya kijivu.

Jumatano, 28 Agosti

Analyn amekuja dukani. Nilikuwa nimejiandaa, haki ya Mungu, kwa moyo safi. Nilisoma mahitaji yote ya kozi. Programu za kuchorea majengo zinakula mashine: zinataka memori kubwa, na zinataka kadi ya michoro ya peke yake, si ile ya kuungaunga inayokuja na kompyuta za kuandikia barua. Nikamwekea mezani moja tu. Nyeusi, nene, feni mbili, chaja yake nzito kama pasi. Haivutii, lakini haitamwangusha.

Akaitazama kama mtu aliyeletewa uji siku ya harusi.

"Dada, hili ni tofali."

"Ni tofali linalofanya kazi."

"Nitalibeba kwenye basi mwezi wa kwanza, barafu mpaka magotini?"

"Wenzako wanabeba."

Akazunguka meza akaenda kwa ile ya rangi ya fedha. Ile nyembamba, nyepesi, unaiinua kwa vidole viwili. Nzuri, sikatai, kioo chake kinang'aa mpaka unataka kukilamba. Lakini kadi ya michoro haina. Nikamwambia. Nikamweleza kwamba jengo lenye ngazi mbili na miti mitano litaifanya itoe moshi. Nilikuwa sahihi kwa kila neno, ila sauti yangu ilikuwa ya mama wa kambo, hata mimi niliisikia.

"Unajua nini, dada? Unataka nihangaike tu. Mwenye wivu ajinyonge."

Alisema kwa utani, au nusu utani. Lakini Curtis, bosi wangu, alikuwa hatua tatu kutoka pale akipanga vifuniko vya simu, na akacheka. Nilihisi masikio yanawaka. Kinachouma zaidi ni kwamba kweli nilikuwa na wivu na kweli nilikuwa sahihi, vyote kwa pamoja, na hakuna namna ya kumweleza mtu la pili asilione la kwanza.

Jumatatu, 2 Septemba

Tumeenda wote dukani, Mama na Papa wamevaa kama wanaenda misa. Analyn akaenda moja kwa moja kwenye ile ya fedha. Papa akasema mwanafunzi ndiye atakayeitumia, achague mwenyewe. Lakini Mama si mtu wa kununua bila kuuliza. Akanigeukia mbele ya mashine ya malipo.

"Maricel, wewe ndiye unayejua. Hii nyembamba itamtosha?"

Analyn alikuwa ananitazama. Curtis naye yupo. Neno lilikuwa mdomoni, hapana, Mama, haitamtosha, mwaka wake wote unasimama juu ya studio, lile somo la kubuni majengo, na studio inasimama juu ya mashine, na akifeli studio wanamtoa kwenye kozi.

"Itamtosha, Mama," nikasema.

Potelea mbali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaifunga kwenye mfuko mimi mwenyewe na kumtakia masomo mema.

Jumatano, 4 Septemba

Amerudi kutoka siku ya kwanza anatiririka maneno. Studio hii, studio ile, kila mtu ana meza yake na taa yake, ukuta wa kubandikia michoro. Papa alisahau kutafuna.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimenunua tofali. Duka linatupunguzia bei sisi wafanyakazi, na mwisho wa kupeleka maombi ya mwakani ni katikati ya Januari. Mara ya tatu. Safari hii hakuna atakayesema kazi yangu ni mbichi.

Nililiingiza ndani kimyakimya lakini Analyn alikuwa sebuleni.

"Kumbe lile tofali lilikuwa lako," akasema, akaendelea kunoa penseli.

Nikapanda nalo juu.

Jumatatu, 16 Septemba

Leo ndiyo mwisho wa kuirudisha ile ya fedha. Duka linatoa wiki mbili, ukipitisha hapo ni yako mpaka kaburini. Asubuhi tulipokuwa tunakunywa kahawa ilikuwa katikati yetu mezani, imefungwa, inang'aa. Neno moja tu lilitakiwa. Nikaomba nipitishiwe sukari.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua. Majani yote ya mti wa mbele yameanguka kwa siku moja. Analyn hayupo, yuko studio, kama kawaida.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya shukrani. Mama kapika bata mzinga kwa siki na kitunguu saumu, namna ya adobo ya kwetu, maana anasema bata mzinga wa Wakanada hana ladha. Shangazi Nena akauliza mbele ya wote, "Na ile kompyuta aliyokuchagulia dada yako, inaendaje?"

"Inafaa," akasema Analyn. Akanitazama kidogo tu, akaomba wali.

Ni uongo. Chumba chake kiko nyuma ya ukuta wangu, nasikia ile feni. Akifungua mchoro inaanza kulia kama mbu, ikipanda, ikipanda, halafu kimya, imezima, halafu yeye anatukana kwa sauti ndogo. Nimeanza kuusubiri ule ukimya. Ukifika moyo wangu unatulia kama nimekunywa chai. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Jumatano, 23 Oktoba

Theluji ya kwanza. Analyn anaenda kupanga foleni kwenye mashine za chuo, nyuma ya wanafunzi wa miaka ya juu. Nimesikia akimwambia Mama, si mimi.

Kuna kijana wa darasa lao, Desmond Kroeker, ana mashine kama yangu, na michoro yake inatoka kama picha za gazeti. Jina hilo limetajwa mezani wiki hii kuliko jina la Yesu.

Jumanne, 5 Novemba

Meza ya kulia imetekwa. Maboksi ya kadibodi kutoka kiwanda cha mikate cha Papa, gundi, rula ya chuma, kisu, plasta kwenye vidole vitatu. Tunakula sahani mapajani. Nilipouliza ni nini hiki, akasema ni kazi ya mwisho ya muhula: kubuni kibanda cha kusubiria basi, kwenye kona halisi, kwa watu halisi. Wakaguzi watakuja kukaa mbele ya kazi za darasa zima mwanzoni mwa Desemba, na nusu ya alama za studio ziko hapo.

"Utabuni kwa kadibodi?" nikasema.

"Kwani kadibodi inazima?"

Nimepanda chumbani nikicheka. Masikini, anacheza na maboksi kama mtoto wa chekechea huku wenzake wanatengeneza vioo na machweo kwenye kompyuta. Nilicheka mpaka nikagundua nacheka peke yangu.

Jumanne, 12 Novemba

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya alfajiri, na basi lake analisubiri kona ya barabara ya Keewatin kwenye upepo unaochuna uso. Miaka yote. Leo Analyn ameenda naye. Jana pia. Anabeba futi ya kupimia na daftari, anachora mahali ambapo kila mtu anasimama.

Wamerudi kunisimulia, au tuseme Mama alirudi na kusimulia, Analyn ameshaenda chuo. "Ulijua hakuna anayekaa kwenye lile benchi? Chuma! Litakugandisha makalio. Sote tunasimama nyuma ya kibanda, siyo ndani, kwa sababu mlango wake umeelekea upepo." Alicheka mpaka akafuta macho. "Amenipima magoti, huyu mtoto. Anasema anataka kujua nikiwa nimechoka nakaa vipi."

Mama hajawahi kucheka hivyo kwa ajili ya kazi yangu. Roho imeniuma siku nzima, nimemuuzia mzee mmoja waya usio wake, karudi amekasirika. Na jioni hii, nikiwa najihurumia vizuri kabisa, nimekumbuka kwamba Mama hajawahi kuiona kazi yangu. Sikumwonyesha. Niliogopa asingeielewa.

Jumatano, 20 Novemba

Baridi kali, gari la Papa limegoma. Lakini tofali linaunguruma. Nimeichukua ile nyumba yangu ya mchoroni, ile ile niliyoipeleka mara mbili ikiwa na rangi nusu, na sasa ninaivalisha. Ukuta wa kioo upande wa ziwa. Sebule ya dari ndefu. Jiko la marumaru nyeusi, na jua la jioni linaingia kwa mshazari na kulala juu ya meza. Nimebadilisha machungwa kwenye bakuli mara saba. Nimeweka mbwa, nimemwondoa, nimemrudisha. Kila picha inatoka kwa dakika chache, na kila ikitoka nasema, hii ndiyo waliyonyimwa kuiona. Kama ningekuwa na mashine hii miaka miwili iliyopita, leo Analyn angekuwa ananiuliza mimi maswali.

Jumatano, 27 Novemba

Nitaandika yote kama yalivyotokea, ingawa sipendezi humu ndani.

Jioni kompyuta ya Analyn imekataa kabisa. Siyo kuchelewa: kila akifungua mchoro wa kibanda, inazima. Alikuwa anahitaji kuchapisha michoro ya vipimo tu, si picha za kupendeza, na hata hiyo haikutaka. Akaja mezani, au kwenye kipande cha meza kilichobaki, akaiweka mbele yake. Tulikuwa tunakula sinigang, mchuzi wetu mchachu. Papa akauliza, imekuwaje? Akasema, imechoka.

Mama akaweka kijiko. "Maricel, mpe mwenzako mashine yako mpaka wakaguzi wapite."

"Siwezi. Nina maombi yangu."

"Yako ni ya Januari. Yake ni wiki ijayo."

"Mama, yangu ni ya mara ya tatu!"

"Na yeye wakimtoa?"

"Kwani mimi ndiye niliyemwambia anunue hiyo sahani?" Sauti yangu ilishapanda. "Nilimwambia dukani, mbele ya Curtis. Nikaambiwa nijinyonge!"

Mama akakumbuka. "Lakini mimi nilikuuliza," akasema polepole. "Kwenye kulipia. Nilikuuliza wewe, sikumwuliza mwingine. Ukasema itamtosha."

Papa akanitazama. Ningeweza kusema nilikosea. Ni neno jepesi, watu wa duka tunakosea kila siku. Sijui kilichonishika, labda nimechoka kuusubiri ule ukimya ukutani.

"Nilijua haitamtosha," nikasema.

Mchuzi unapoa. Nikaendelea, kwa sababu ukishafungua bomba haliulizi: "Nilijua siku ile, na nilijua siku ya mwisho ya kuirudisha, na nilikaa hapa hapa nikaomba sukari. Nilitaka ahangaike. Kila kitu anapewa yeye. Mashine nzuri shuleni yeye, chuo yeye, sherehe yeye, na mimi nikapige makofi na kufunga mfuko. Haya, mmejua."

Mama akaniita jina langu lote na la ukoo, kitu ambacho hajafanya tangu niko mtoto. Papa akafuta mdomo, akasema kwa upole ule wake unaoumiza kuliko kofi, "Huyu ni mdogo wako."

Nikamgeukia Analyn, nikisubiri machozi. Kumbe anatafuta kipande cha nyama kwenye bakuli.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba haitoshi. Desmond aliniambia wiki ya kwanza, alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na siku kumi za kuirudisha."

"Sasa mbona hukuirudisha?"

"Nije dukani kwako? Nikuambie, dada, ulikuwa sahihi?" Akatafuna. "Mbele ya Curtis? Ebo! Bora nikate maboksi mpaka vidole viishe."

Papa akatoa sauti puani, nadhani ilikuwa kicheko, lakini Mama alimkata jicho akaacha. "Mmetoka tumbo moja kweli," Mama akasema, "na tumbo lenyewe linajuta."

Nikapanda chumbani, nikashuka na tofali, nikaliweka mezani juu ya vipande vya kadibodi. "Chukua." Sikusema kwa wema, nilisema kama mtu anayetupa. Na unajua alichofanya? Akalisukuma kwa kidole kimoja.

"Sitaki. Nimeshapita hapo. Nitachora kwa mkono."

Nilidhani hakuna kinachouma kuliko kuombwa kitu usichotaka kutoa. Kumbe kipo.

Alhamisi, 28 Novemba

Hakuna anayeongea nami ila paka.

Jumapili, 1 Desemba

Misa. Mama amekaa katikati yetu. Analyn anachora usiku na mchana, karatasi kubwa kama shuka, mkono umejaa weusi wa penseli mpaka kiwikoni.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema naumwa, nikaenda chuoni kwao. Wakaguzi hukaa mbele ya watu, mlango uko wazi, yeyote anaweza kuingia na kusimama nyuma. Nikasimama nyuma na koti langu, kofia mpaka kwenye nyusi, kama mwizi. Nilitaka kuona. Nitasema ukweli: nusu yangu ilitaka kumwona akianguka, na nusu yangu ilikuwa inamwombea asianguke.

Kuta zimejaa. Jamani, picha! Vibanda vya kioo vinawaka kama taa, watu wazuri wanasubiri mabasi yasiyochelewa. Cha Desmond kilikuwa kizuri kuliko vyote. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani imening'inia shingoni, akauliza, "Upepo wa hapa unatoka wapi?" Desmond akatazama picha yake kama vile upepo umeandikwa humo. Akasema atafanya utafiti zaidi. Nikajisikia vibaya kwa ajili yake, maana hilo jua la machweo nalifahamu, na mimi ninalo.

Ikafika zamu ya Analyn. Penseli tupu, ukuta mzima wa kijivu. Mmoja wa wakaguzi akauliza kompyuta iko wapi, akajibu, "Niliitumia kuandika jina langu pale chini." Wakacheka. Halafu akavuta shuka pembeni na pale sakafuni kulikuwa na kona nzima ya kibanda, ya kadibodi, ukubwa wake halisi. Ile iliyokula meza yetu. Ukuta wa nyuma umejipinda kukwepa upepo, na benchi siyo la kukaa, ni la kuegemea, kwenye kimo cha mtu aliyechoka ambaye akikaa kabisa hatainuka. Kimo cha Mama. Niliona pale pale, ni magoti ya Mama yale.

"Karibu," akamwambia yule mama wa miwani. Yule mama akaegemea. Mwenzake akamwuliza swali, yeye amefumba macho. "Subirini kidogo," akasema. "Nimesimama tangu asubuhi."

Wakaongea muda mrefu. Walikosoa paa, walikosoa taa, walisema theluji itajaa upande mmoja, na Analyn akaandika kila neno. Lakini waliongea naye kama mtu ambaye kibanda chake kitajengwa. Alama zitatoka baadaye, lakini mtu yeyote mwenye macho aliziona.

Wakati watu wanapiga makofi nimepiga na mimi. Aliniona. Akanyanyua nyusi, basi.

Kwenye basi la kurudi wivu haukuwa ule wa zamani. Ule wa zamani ulikuwa na maneno: angekuwa na, ningekuwa na. Huu hauna neno hata moja. Alikuwa na mashine mbovu, na mbovu nilimpa mimi.

Jumatatu, 9 Desemba

Baridi ya kutisha, shule za watoto zimefungwa. Nimeuza mashine nyingi za Krismasi. Sijafungua tofali tangu Ijumaa.

Jumatatu, 16 Desemba

Misa za alfajiri za kuelekea Krismasi zimeanza. Tumetoka kanisani tukala wali wa kunata kwenye ukumbi, na Mama amenimegea wake. Kwake hiyo ni hotuba nzima.

Mchana nimemwita Analyn chumbani. "Niangalizie kazi yangu," nikasema.

Akakaa kitandani na tofali mapajani. Nikamwonyesha sebule, ukuta wa kioo, ziwa. Akasema ni nzuri sana, na alimaanisha. Nikamwonyesha jiko, marumaru, machungwa. "Loo, dada, hili jua!" Nilifurahi, nikajichukia kwa kufurahi.

Halafu akaomba mchoro wa ramani, ule wa kutazama kutoka juu, wa mistari mitupu. Sijaufungua tangu nilipouchora miaka mitatu iliyopita. Nani anaangalia mistari? Akaweka kidole kwenye sebule, akaanza kutembea nacho, kama walivyofundishwa. Sebule, korido, chumba, bafu. Akarudi. Korido, chumba. Akarudi tena. Kidole kikazunguka jiko mara mbili, taratibu.

"Dada," akasema, "jikoni unaingilia wapi?"

Nikainama. Nikatafuta. Kuta nne, dirisha la jua, marumaru. Kwenye mashine unamweka mtazamaji mahali popote unapotaka, unampitisha ukutani kama jini, na mimi nilikuwa nimemweka mle ndani siku zote. Nikatafuta upande wa pili.

Hakuna mlango. Jiko langu halina mlango.

Analyn aliuma midomo, nikaona mabega yanatikisika, akajikaza, haikusaidia. Tukacheka mpaka Papa akagonga ukuta. Nilicheka na machozi yakawa yananitoka, na katikati ya kicheko kikanikata kitu. Nilipeleka nyumba hii mara mbili. Watu wale wa chuo kazi yao ni kutembeza kidole. Rangi mbichi hawakujali hata kidogo. Waliliona jiko, mara mbili, na miaka mitatu mimi nimewaeleza watu habari za mkweche.

Analyn alikuwa ameacha kucheka. "Toboa tu mlango," akasema. "Ni dakika moja. Bado una mwezi mzima."

"Nyumba yenyewe ni ya nani?" nikamwuliza.

"Ndiyo nilitaka kukuuliza."

Sijui. Sijawahi kumweka mtu mle, isipokuwa yule mbwa.

Jumatano, 18 Desemba

Sikutoboa. Nimeifuta nyumba yote, nikakaa nikiitazama ile skrini nyeupe ya bei kubwa. Wivu bado ninao. Analyn amepata alama ya juu darasani na nilipoisikia uliamka vile vile, sitadanganya. Ila sasa sina pa kuuegemeza.

Jioni nimeazima futi yake, nikaingia jikoni kwetu wakati Mama anapika. Nimepima meza, jiko, kimo cha mkono wake akikoroga, na upana anaohitaji akigeuka na sufuria ya moto. Nikapima mlango, nikaandika kwanza, kabla ya vyote. Mama akaniuliza ninatafuta nini kwake saa ya chakula.

"Nataka kujua unapita vipi," nikamwambia.

"Napita vizuri," akasema, "ukiondoka hapo."